Karakana ya chumba cha chini: anza na maji, mashine zitafuata

Nyumba nyingi za Goba na Kimara, Dar es Salaam, zimekaa kwenye mteremko, na chini yake hubaki chumba cha tofali tupu, hakina plasta wala dari. Wewe unayeanza useremala nyumbani, chumba hicho kinakutosha kabisa. Ila usikimbilie maduka ya Gerezani kununua mashine kabla hujajua maji yanapita wapi.

Kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa solotepu pande zote nne, kilale hapo mpaka kesho yake. Ukikifunua ukakuta matone kwa chini, au zege limekolea rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Pima na ukuta ulioegemea udongo. Pima wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Ukipima Agosti chumba kitakudanganya. Na ukuta ukivuja, kuupaka rangi kwa ndani ni kupoteza hela, maji yataibandua. Tiba iko nje: maji ya bati yapelekwe mbali kwa gata, na mfereji uchimbwe upande wa mlimani ili mvua ipite pembeni ya nyumba.

Hata chumba kikikauka, hewa ya Dar ina unyevu. Msonobari wa Mufindi ukiulaza chini unapinda. Inua mbao juu ya matofali, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite. Randa na patasi zipake mafuta kila ukimaliza kazi.

Umeme usiuvute kwa ekstensheni kutoka sebuleni. Ikiwa imeviringishwa na msumeno unafanya kazi, inapata moto. Mwite fundi mwenye leseni akuvutie laini ya karakana peke yake, yenye atha (waya wa ardhini) na breka inayokata umeme ukivuja. Kwenye sakafu mbichi, hiyo breka inaokoa maisha.

Vumbi la mninga na mvule linawasha ngozi na kuumiza kifua. Kitambaa usoni hakilizuii. Nunua barakoa ya vumbi, na feni ielekeze nje ya dirisha.

Meza ya kazi ifike usawa wa kifundo cha mkono ukisimama mikono imening'inia. Jiriwa, kile chombo cha kubania ubao, ifunge juu ya mguu wa meza; ukiifunga katikati meza itakuwa inanesa kila ukipiga randa.