Mlango wa mpangaji uanzie getini

SWALI: Mama Mchoraji, hongera kwa kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 53, na nafikiria kustaafu kwa hiari nikifika 55. Nina kiwanja Kibaha, mita 20 kwa 25, na upande wa mita 20 ndio unaotazama barabara. Nimechora mwenyewe kwenye karatasi ya grafu: nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, na kwa nyuma nimebandika chumba, sebule, jiko na choo vya kupangisha. Mpangaji atapita ubavuni aingilie uani. Katikati nimeweka mlango wa ndani, ili siku wanangu wakija na familia zao tufungue tu. Mke wangu hataki mtu apite dirishani kwake. Jirani yangu anapangisha ya namna hiyo kwa 120,000 kwa mwezi. Je, ramani imekaa sawa? Na shimo moja la choo litatosha? (Mwalimu, Kibaha)

JIBU: Mwalimu, mke wako ameisoma ramani vizuri kuliko wewe uliyeichora. Nimeichapa picha uliyotuma, nikachukua kalamu nyekundu, nikamtembeza mpangaji wako kutoka getini. Kapita mbele ya baraza, kapita dirisha la sebule, kapita dirisha la masta, kakata kona penye dirisha la jiko, ndipo akafika kwake, katikati ya kamba yenu ya nguo. Sasa mtembeze saa tano usiku akiwa na mgeni. Mtembeze Jumamosi na mtungi wa gesi begani. Ukimaliza, zungusha na wewe: kila utakapotaka kuanika shati utapita mlangoni kwake, naye amekaa kizingitini anapepea mkaa.

Mimi nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo na jiko uani. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, sisi na wengine tukapanga vilivyobaki. Bili ya umeme ilikuwa moja, mnagawana. Basi usiku yule mama alikuwa akipita koridoni pole pole, kanga begani, ananusa. Ndiyo, ananusa: pasi ikiwaka ina harufu yake. Akiipata anagonga mlango, "Nani huyo anapiga pasi na leo si Jumapili?" Hakuwa mtu mbaya. Tukiugua alitupikia uji. Lakini nyumba ilimfanya awe askari, maana kila kitu kilikuwa cha pamoja: mlango, bili, choo, moshi. Ndiyo maana mteja akiniletea ramani yenye sehemu ya kupangisha, vyumba nahesabu mwisho. Kwanza natafuta mahali watakapogombana.

Kwenye kiwanja chako naitoa sehemu ya mpangaji nyuma, naileta mbele kushoto, iungane na nyumba yako kwa ukuta mmoja. Mahesabu yanakubali. Kutoka mpakani kushoto acha mita 1.5, weka sehemu ya mpangaji yenye upana wa mita 5.5, kisha nyumba yako ya mita 11, na kulia zitabaki mita 2. Mbele acha mita 7 ili gari likae, nyumba iende mita 12, nyuma zibaki mita 6 za uani. Hayo ni ya penseli. Kabla hujachimba hata jembe moja, peleka ramani halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi, wao ndio watakaokuambia umbali wa kuacha kutoka barabarani na kwa majirani.

Kwenye kona ya kushoto ya ukuta wa mbele toboa kigeti kidogo cha mpangaji, upana wa mita moja tu. Mpangaji akiingia hapo, hatua kumi yuko kwake, na mkeo hajui kama karudi saa mbili au saa saba. Usiku wa leo hilo utaliona dogo, lakini ndilo linalomfanya mtu akae miaka minne badala ya miezi sita.

Ndani ya sehemu ya mpangaji, sebule iwe mbele, mita 3.3 kwa 3.6, na chumba cha vipimo hivyo hivyo nyuma yake. Ubavuni mwa hivyo viwili, ukiegemea ukuta unaogusana nanyi, pitisha mkanda wenye upana wa mita 1.8: jiko mbele, stoo katikati, choo na bafu nyuma. Jiko litapata dirisha la mbele na choo dirisha la nyuma, kwa hiyo hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokosa hewa. Na mkanda huo ndio utakaowatenganisha. Kati ya kitanda chake na sebule yenu kutakuwa na masufuria, magunia ya mkaa na ndoo. Masta yenu ihamie kulia nyuma, mbali kabisa.

Sehemu ya mpangaji itaishia kama mita 7.6, yenu inaendelea hadi 12. Kile kipande kinachobaki nyuma yake kizungushie ukuta mfupi wa kichwa cha mtu, kiwe uani wake wa kuanika na kupikia mkaa, akiingilia ubavuni kwa ile mita 1.5. Kwenye ukuta wenu unaotazama kipande hicho usiweke dirisha hata la choo.

Sasa ukuta wa katikati, na hapa naomba unisikilize kama mtu aliyeumia. Nyumba yangu ina sehemu ya kupangisha. Fundi wangu alisimamisha ukuta wa katikati vizuri, akafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, akaacha. Juu ya lenta zikabaki kenchi, yaani mbao za paa, bati, na uwazi mmoja kutoka kwangu hadi kwa mpangaji, chini yake dari ya jipsamu. Sikujali, kwa chini ulionekana ukuta mzima. Mpangaji wa kwanza alikuwa kijana mstaarabu, hana muziki, hana wageni. Lakini alikuwa na mafua ya vumbi. Usiku akipiga chafya, mimi kitandani kwangu nasema "afya", kwa mazoea tu. Siku moja nikasikia kutoka juu ya dari, "Asante, mama." Nilikaa kitandani nikiwaza yote ambayo mimi na mume wangu tumeshaongea chumbani mle tangu kijana ahamie.

Kuziba baadaye kulinigharimu jipsamu ya vyumba viwili, maana fundi hawezi kupandisha tofali kwenye dari bila kuvunja. Wewe mwambie fundi wako leo, na umwandikie: ukuta wa katikati upande mpaka ubusu bati, tofali za inchi 6, zilazwe ubapa, zipigwe plasta pande zote mbili hadi juu ya dari. Ukuta huo unazuia pia mwizi anayeingia kwa mpangaji, akatoboa dari na kushukia kwako, na unachelewesha moto.

Mlango wa ndani uufute. Mlango uliofungwa kwa kitasa unapitisha sauti, na mpangaji hatalala akijua ufunguo unao wewe. Lakini la wanao nimelisikia. Kwenye ukuta ule, pale penye stoo yake, jenga nafasi ya mlango na lenta yake juu kabisa, kisha izibe kwa tofali ambazo hazijafungamana na ukuta. Plasta ikipita hakuna atakayejua. Siku wajukuu wakijaa, fundi anagonga tofali hizo asubuhi, jioni mna mlango, stoo imekuwa njia, na nyumba haijatikisika. Piga picha kabla ya plasta, upime umbali kutoka kona, uiweke na hati. Nimeshuhudia mzee akigonga ukuta mzima kama anayetafuta hazina.

Shimo moja linatosha, mabomba yasiwe moja. Choo chake kiwe na bomba lake mpaka chemba, kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia, iliyo nje, na chenu hivyo hivyo, yakutane huko nje. Likiziba mtajua ni la nani, na fundi atafungua chemba bila kuingia chumbani kwa mtu. Shimo lenyewe lichimbwe mbele, karibu na geti, ambapo mpira wa gari la majitaka unafika. Ulilichora nyuma kabisa ya nyumba. Likijaa, mpira utapitishwa wapi, sebuleni?

Maji: tanki laweza kuwa moja, ila bomba la mpangaji litoke na koki yake na mita ndogo yake. Umeme kila mtu na LUKU yake, mita ya kulipia kabla, hilo halina mjadala.

Umeuliza kwa pembeni kama uanze na upande wa mpangaji ili kodi isaidie kumalizia kwenu. Anza nao, ila msingi wote uchimbwe na kumwagwa mara moja. Ukimwaga msingi wa kipande kimoja leo na wa kingine baada ya miaka mitatu, kila kimoja kitakaa ardhini kwa wakati wake, na ukuta utapasuka pale pale penye kiungo, hapo ndipo na mvua itakapopitia kwenye bati. Na hiyo 120,000 usiizidishe kwa 12. Mpangaji mmoja atahama Machi, dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, koki itakufa. Mimi huzidisha kwa 10: 1,200,000 kwa mwaka. Kama utajenga kwa mkopo, nao unahitaji zaidi ya hapo ili ulipike, punguza nyumba yako chumba kimoja.

SWALI: Dada, niko Maskati, najenga Tanga, kaka yangu ndiye msimamizi. Nyumba ya chini imefika kwenye lenta. Sasa nataka nibadilishe, nimwage slabu, juu niweke apatimenti mbili za kupangisha zinazotazama bahari. Fundi anasema inawezekana. (Dada wa Tanga)

JIBU: Fundi hawezi kukuambia haiwezekani wakati hela inatumwa kila mwezi. Mpigie kaka, muulize maswali matatu. Msingi ulichimbwa kwa ajili ya nyumba ya ghorofa? Kuna nguzo za zege zenye nondo kutoka chini, au ni tofali tupu? Tofali ni za inchi ngapi, na zimelazwa au zimesimamishwa? Akijibu tofali tupu, za inchi 5, zimesimamishwa, basi huo ni ukuta wa kubeba bati. Slabu, ngazi, matanki ya maji na familia mbili ni uzito mwingine kabisa.

Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aende mwenyewe, achimbe pembeni ya msingi auone. Ikibidi kuongeza nguzo atakuambia, na pengine bei yake itakurudisha kwenye wazo jepesi: ezeka hiyo uliyo nayo, apatimenti moja ijenge chini pembeni. Mkikubaliana nguzo zipande na juu pajengwe baadaye, nondo zitakazobaki zimechomoza zipakwe uji wa saruji na kufunikwa zege hafifu. Upepo wa chumvi wa Tanga hauzisubiri. Na ngazi iwe ya nje, la sivyo wapangaji wote wawili watapita sebuleni kwa wanaokaa chini.

SWALI: Mpangaji wangu ana LUKU yake. Analalamika kila mwezi anakatwa kodi ya jengo anaponunua umeme. Anataka nimrudishie. Ni haki? (Baba Wawili, Dodoma)

JIBU: Haki yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Mwenye jengo ni wewe. Mpunguzie 18,000 kwenye kodi ya pango ya mwaka, uiandike kwenye mkataba. Kisha angalia risiti yako mwenyewe: kama na wewe unakatwa kwa jengo lile lile, chukua namba za mita zote mbili uende ukaeleze kwa wanaokusanya kodi hiyo.