Kwa mnaoanza kazi na kupewa AI ya kampuni: limiti yako inaishia wapi

Wadogo zangu mlioajiriwa miezi hii ya karibuni, mkapewa laptopu na akaunti ya Copilot au Claude Code (AI za kusaidia kuandika programu) inayolipiwa na kampuni, nawaandikia kwa sababu napata meseji ileile kila mwezi, "kaka limiti imekata na tiketi (kazi nilizopangiwa) bado ziko wazi", na ukiangalia kalenda ni tarehe 12 tu. Yalinikuta na mimi. Mwezi wangu wa kwanza kwenye kampuni moja hapa Dar nilimaliza mgao wote tarehe 11, siku zote zilizobaki nikawa nasubiri mwenzangu aende kula nikae kwenye mashine yake, kitu ambacho nacho hakikuwa sahihi, na hakuna aliyekuwa amenikalisha chini kunieleza hesabu inaendaje.

Hesabu ni hivi. Ile modeli, yaani AI yenyewe inayokujibu, haina kumbukumbu ya chati yenu, kila ukituma meseji chati nzima inatumwa tena toka mwanzo, maswali yako, majibu yake, mafaili iliyosoma, logi (rekodi za mfumo) ulizopesti, vyote. Kuna kashe, yaani akiba ya muda ya yaliyokwisha kusomwa, inayopunguza gharama ya yale yanayojirudia lakini ukikaa muda bila kutuma kitu kashe inapotea na unaanza kulipa upya. Kwa hiyo ukiandika "asante" kwenye chati ya siku nne, haiendi hiyo asante peke yake, inakwenda na mzigo wote nyuma yake.

Mimi mwezi ule, Jumatatu moja nilifungua chati kutafuta kwa nini kolibeki za malipo ya simu (zile taarifa za kwamba malipo yamepita) zinapotea usiku. Nikapesti logi ya usiku mzima, mistari kama elfu kumi na nne hivi, na ya maana humo ndani ilikuwa labda thelathini. Tatizo likaisha Jumanne mchana. Ila chati sikuifunga, Jumatano nikaulizia humohumo rangi ya batani, Alhamisi nikaulizia kupanga tarehe kwenye ripoti, na kila swali la batani lilikuwa linabeba ile logi ya malipo mgongoni. Hapo ndipo mgao wangu ulipokwenda, wala si kwamba nilikuwa nauliza sana.

Siku hizi logi siipesti kabla sijaichuja. Naandika kitu kama grep -n -B 5 -A 20 "Timeout" app.log | tail -60, napata mistari sitini, naisoma mwenyewe kwanza, halafu ndo natuma. Mara nyingine nikishaisoma hata sihitaji kutuma tena.

Na kazi ikiisha, chati mpya. Kwenye Claude Code ni /clear tu, na ukitaka kuona nini kimejaza nafasi andika /context utashangaa, unaweza ukakuta zana za MCP (viunganishi vya AI na mifumo mingine) ulizounganisha wiki mbili zilizopita na huzitumii zimekaa humo zinakula nafasi yako kabla hujasema hata habari za asubuhi. Zitoe. Faili la CLAUDE.md, lile la maelekezo ya mradi kwa AI, nalo lisiwe gazeti, maana linasomwa kila ukianza upya. Kama kazi haijaisha na chati imeshakuwa ndefu, iambie AI iandike mistari kumi, tumefanya nini na kimebaki nini, ihifadhi kwenye faili, safisha, anza na hiyo mistari kumi.

Sasa angalieni sana hapa maana wengi wanachanganya: kila chombo kina mita yake. Copilot walipoanza kubana Juni 2025, mtu wa kifurushi cha Business alipata maombi 300 ya modeli za juu kwa mwezi, wa Enterprise 1,000, likizidi hapo ni dola 0.04 kwa kila ombi kama adimini (msimamizi wa akaunti za kampuni) kafungulia. Na modeli hazikulingana, GPT-4.1 haikuhesabiwa kabisa wakati Claude Opus 4 ombi moja lilihesabiwa kumi, yaani zile 1,000 za Enterprise zinakuwa 100. Mita ikihesabu maombi namna hii, jipange, weka maelezo yote kwenye meseji moja, usitume "rekebisha" halafu "hapana sio hivyo" halafu "jaribu tena". Ila ukiwa kwenye mita ya tokeni, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma na kuandika, kinachokuumiza ni ukubwa wa unachobeba, na majibu marefu ndo ghali zaidi. Claude Code ya kifurushi cha mwezi ina dirisha la masaa matano, na toka mwisho wa Agosti 2025 wakaongeza kikomo cha wiki, kwa hiyo hata ukivumilia masaa matano yaishe, wiki inaweza ikakukatalia. Viwango vinabadilikabadilika, muulizeni adimini wenu leo mko kwenye mita gani.

LUKU si mnaijua, uniti haziishi kwa taa, zinaishia kwenye pasi na jiko la umeme. Modeli kubwa ni pasi. Kubadilisha jina la kigezo (variable) au kuandika testi ya fomu tumia ndogo, ile kubwa iwekee hitilafu iliyokulaza macho.

Wengine wananiuliza waandike Kiingereza ili kubana tokeni. Ni kweli Kiswahili kinakula zaidi kwa sentensi ileile maana modeli zinakatakata maneno yetu vipande vidogo, lakini sentensi mbili zako si kitu mbele ya faili la package-lock, ile orodha ndefu ya maktaba za mradi. Andika kwa lugha unayojieleza vizuri.

Limiti ikikata, tafadhali sana, usikimbilie akaunti yako binafsi ya bure na msimbo (code) wa kampuni. Humo kuna namba za simu za wateja, kuna funguo za seva, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Nimeona kijana mzuri sana anaitwa na HR kwa jambo hili, na alikuwa anataka tu kumaliza tiketi. Mwambie bosi mapema ukifika asilimia sabini, mpelekee namba, mwezi huu nimetumia kiasi hiki kwa kazi hizi tatu, hii ya kuhamisha database ndo imekula. Bosi akiona namba anaweza kuomba bajeti, akiambiwa tu "imeisha" hana cha kwenda kusema juu.

Kesho kabla ya standapu, kile kikao kifupi cha timu, fungua ukurasa wa matumizi yako uangalie umefika wapi, na ile chati ya wiki iliyopita ambayo bado iko wazi, ifunge.