Wakala wa magari ya zimamoto akija na katalogi mbili

Mwaka wa saba sasa nimo kwenye kikosi cha zimamoto cha kujitolea hapa Pennsylvania. Mshahara hakuna, na gari tunanunua kwa ruzuku, mkopo na mchezo wa bingo wa kila Jumatano. Gari letu linalotangulia kwenye moto lilikuwa limefikisha miaka 26, wakati mwongozo wa NFPA, wanaoandika viwango vya zimamoto Marekani, unashauri gari likipita miaka 15 liwe la akiba na likipita 25 liondoke. Ikaundwa kamati. Nikatiwa humo kwa kuwa nyumbani Tanga niliwahi kuuza vipuri vya malori.

Wakala akaja na katalogi mbili, za viwanda viwili vinavyoshindana. "Mimi sina upande," akasema, "chagueni mnalolitaka." Tena akajitolea kutuandikia masharti ya zabuni bila malipo. Tukafurahi, tukamwongeza kahawa.

Mtunza hazina wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaiweka ile rasimu kando ya katalogi akapitisha kidole mstari kwa mstari. Unene wa bati la aluminiamu, urefu wa kabati za ubavuni, hata namna milango inavyofunga, vyote vimenakiliwa kutoka katalogi moja. Ile ya pili, aliyoileta kwa mkono wake mwenyewe, ilikuja kusindikiza tu. Tungeitangaza zabuni ilivyo, bahasha mbili zingekuwa zake na mshindi angekuwa anajulikana kabla hazijafunguliwa. Masharti ya zabuni andikeni wenyewe, hata kama mtakesha.

Muulizeni pia kiwanda ni cha nani. E-One, KME, Ferrara na Spartan ni majina yaliyogombania wateja miaka mingi, kisha yote yakakusanywa chini ya REV Group. Ukiletewa mawili kati ya hayo, usijidanganye kwamba umelinganisha bei za washindani.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Ukifunua magari mengi ya huku utakuta injini ni Cummins, giaboksi ni Allison, pampu ni Hale au Waterous, liwe la huyu au la yule. Wanakotofautiana sana ni kwenye kabini ya dereva, bodi na mfumo wa umeme, na umeme ndio unaotutesa. Siku hizi taa na king'ora vinaendeshwa na kompyuta ya gari. Vikigoma, fundi asiye na programu ya kiwanda hicho atabaki anazunguka na tochi. Nikamuuliza wakala: mafundi wako wangapi wamefundishwa kiwanda hiki cha pili? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kidole kimoja. Na huyo mmoja anakaa mwendo wa saa tatu kutoka kwetu.

Nikamuuliza tena, lipi linampa kamisheni nono. Akacheka, akanywa kahawa, halafu akajibu. Lilikuwa lile lile la kwenye rasimu.

Sisemi mawakala hawa ni matapeli. Tangu korona foleni za viwandani zimerefuka, kuna vikosi vinavyosubiri miaka mitatu na zaidi, na wakala wa viwanda viwili anaweza kukwambia wapi utapata gari mapema. Ila tarehe iandikwe kwenye mkataba, pamoja na atakachokatwa kwa kila siku ya kuchelewa.

Sisi mwishowe tulinunua kwake yeye, gari ambalo mafundi wake wanalijua, baada ya kuongeza kipengele kwamba matengenezo ya dhamana yatafanyika kituoni kwetu. Alikipinga wiki mbili. Gari bado liko kwenye foleni, na Jumatano hii zamu ya kuita namba za bingo ni yangu.