Ohio ya kale: twende tukaone wapi?

Tangu theluji iyeyuke, maswali mengi yanayonijia ni ya safari. Jumamosi hii niwapeleke wapi watoto, wageni, wazazi waliofika juzi? Leo najibu saba, yote ya mahali pa kale pa jimbo letu la Ohio.

*Ninaishi Columbus, nina watoto wanne na gari moja kuukuu. Nataka mahali pa kale kwelikweli, pasipo na kiingilio cha kuniumiza. Tuanzie wapi?*

Anzieni Newark, dada yangu. Ni kilomita 65 hivi mashariki mwa Columbus, gari lako litafika bila taabu. Tafuteni Duara Kuu, na mwingie kwa miguu kupitia lile pengo la kwenye ukuta wa udongo. Mkishapita pengo, mtajikuta ndani ya uwanja wa nyasi wenye upana wa mita 365 hivi, umezungukwa na tuta ambalo karibu na mlango linafika mita 4 kwenda juu. Tuta hilo lilijengwa miaka kama 2,000 iliyopita. Hapakuwa na farasi wala gurudumu. Udongo wote ulichimbwa kwa mikono na kubebwa kwa vikapu.

Watoto watakuuliza, mama, mbona ni nyasi tu? Waonyeshe handaki. Anayejenga boma la vita huchimba handaki upande wa nje, ili adui atumbukie kabla hajaufikia ukuta. Hapa handaki liko ndani. Waliojenga hawakuwa wakijikinga na mtu. Walikuwa wakitenga mahali pa ibada na pa kukutania. Wataalamu huwaita Hopewell, jina la mwenye shamba moja la karibu na Chillicothe palipochimbuliwa mabaki yao. Wao wenyewe walijiitaje, hakuna ajuaye. Makaburi yao yametoa shaba ya Ziwa Superior, makombe ya bahari ya Ghuba ya Mexico, na mawe meusi ya kioo cha volkano kutoka Yellowstone, mwendo wa miezi kwa miguu.

Mkimaliza hapo, nendeni upande wa pili wa mji kwenye Pembenane, kuta nane za udongo zinazozunguka ekari 50. Mhimili wake umeelekezwa pale mwezi unapochomoza kaskazini kabisa, jambo linalotokea mara moja katika kila miaka 18.6. Fikirini ni vizazi vingapi vya watu waliokaa wakitazama mbingu na kukumbuka, bila maandishi, mpaka wakaweza kujenga hivyo. Na mahali hapo, tangu 1910, palikuwa kiwanja cha gofu. Mara ya kwanza nilipofika niliishia kwenye jukwaa dogo la mbao karibu na maegesho, nikawatazama watu wakipiga mipira juu ya matuta. Niliondoka na uchungu ambao sijausahau. Kesi ya kuirudisha kwa umma kutoka klabu ya gofu iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Ohio Desemba 2022, klabu ikashindwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Pembenane iko wazi kwa kila mtu. Nilirudi nikatembea kuta zote nane.

Matuta haya ya Newark, pamoja na Fort Ancient na yale matano ya Chillicothe, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO Septemba 2023, kwenye mkutano wa Riyadh. Wasomaji wangu Wanyarwanda wataukumbuka mkutano huo: ndio ulioingiza maeneo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero.

*Shule ya mwanangu inawapeleka kuona nyoka wa udongo huko Adams County. Sisi ni watu wa dini. Je, si mahali pa matambiko?*

Nakuelewa, na si wewe peke yako uliyeniuliza. Nyoka huyo ni tuta refu la mita 411 lililopinda juu ya ukingo wa kilima, mkia umejikunja, kinywa kimeachama mbele ya kitu cha mviringo ambacho wengine hukiita yai na wengine jua. Kichwa kinatazama pale jua linapozama siku ndefu kuliko zote za Juni. Kuhusu umri wake wataalamu wamegawanyika, wapo wanaosema zaidi ya miaka 2,000, wapo wanaosema 900 na kitu.

Mwanao hatafanyishwa ibada yoyote. Atapanda mnara wa chuma uliojengwa 1908, atamwona nyoka mzima kutoka juu, atashuka. Kitu kimoja tu mwambie: asikanyage juu ya tuta. Karibu yake yapo matuta ya makaburi, na wenye asili ya nchi hii wangali hai. Washawnee waliondolewa Ohio miaka ya 1830 wakapelekwa magharibi, na leo wengi wako Oklahoma. Wanapokuja, huja kama anayerudi kwao. Aingie basi kama anavyoingia makaburini kwetu, kwa sauti ya chini. Adabu hiyo haipingani na dini yako.

*Nina miaka mitatu Dayton. Kila mtu ananiambia ni mji wa ndege. Nimeshaona makumbusho ya jeshi la anga, yale ya bure. Kuna kingine?*

Kipo, tena kinafikika kwa basi. Nenda magharibi mwa mto, South Williams Street, kwenye jengo la matofali ambalo ndugu Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli miaka ya 1890. Hakuna kiingilio. Duka la baadaye, lile walimoundia ndege iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, halipo tena mtaani. Henry Ford alilinunua pamoja na nyumba yao, akavihamishia Michigan. Hilo huwashangaza wengi wanaokuja kulitafuta.

Ukipata gari, fika pia Huffman Prairie. Ni uwanja wa majani tu. Kule North Carolina, siku ile ya 1903, waliruka chini ya dakika moja. Hapa, kwenye malisho ya ng'ombe, ndipo walipojifunza kupinda na kuzunguka. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alikaa angani dakika 39.

Ila ninayetaka umjue ni kijana aliyesoma darasa moja na Orville, mweusi pekee darasani. Paul Laurence Dunbar alizaliwa Dayton mwaka 1872, wazazi wake wote wawili wamewahi kuwa watumwa Kentucky. Mwaka 1890 alianzisha gazeti la weusi wa Dayton, na mashine iliyolichapa ilikuwa ya akina Wright. Gazeti lilikufa mapema kwa kukosa pesa. Alipomaliza shule, ofisi hazikumtaka, akapata kazi ya kuendesha lifti kwa dola 4 kwa wiki. Aliandika mashairi kati ya ghorofa na ghorofa, na kitabu chake cha kwanza akawauzia abiria wa lifti. Miaka michache baadaye alikuwa akisomwa Marekani nzima na kualikwa Uingereza.

Nyumba aliyomnunulia mama yake, Matilda, mwaka 1904 ipo, katika mtaa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kifua kikuu kilimchukua Februari 1906, akiwa na miaka 33. Mama akabaki humo mpaka 1934, akitunza vitu vya mwanawe. Ndiyo maana ukiingia chumba cha kuandikia unaona kitabu na meza, na unahisi mwenyewe ametoka kidogo tu. Nenda pale, kaka. Wewe uliyeniandikia kwamba unafanya kazi ya usiku ghalani na unatunga mashairi wakati wa mapumziko, nenda.

Kutoka hapo kuna kilomita 30 hivi mpaka Wilberforce, kwenye nyumba ya Kanali Charles Young. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akawa mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka 1917 jeshi lilimstaafisha kwa sababu ya shinikizo la damu, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Mwaka uliofuata alipanda farasi kutoka Wilberforce mpaka Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha kwamba mwili wake bado una nguvu. Alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini. Nyumba yake imekuwa ikikarabatiwa, kwa hiyo uliza kwanza kama milango iko wazi.

*Sisi tuko Toledo. Hayo yote ya kusini ni mbali. Hapa ziwani je?*

Mnara wa taa wa Marblehead, kwenye Ziwa Erie. Umeongoza meli tangu 1822, na katika Maziwa Makuu upande wa Marekani hakuna uliowaka muda mrefu zaidi bila kukatizwa. Ngazi ni 77. Mlinzi wa kwanza, Benajah Wolcott, alipofariki kwa kipindupindu mwaka 1832, mkewe Rachel alichukua kazi, akawa anapanda kila usiku kuwasha taa. Chukueni chakula chenu. Kuna miamba mizuri ya kukalia.

*Mahali gani panafaa wakati wa baridi?*

Jengo la Bunge pale Columbus. Ni bure na ndani kuna joto. Lilianza kujengwa 1839, kazi ngumu ikifanywa na wafungwa, likakamilika 1861. Jeneza la Rais Lincoln liliwekwa humo tarehe 29 Aprili 1865, watu wakapanga mstari kumuaga. Huko vijijini sehemu nyingi hufungwa majira ya baridi au hufunguliwa siku chache kwa wiki, basi pigeni simu kabla ya kuwasha gari.

*Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Sitaaibika kwa wanaotembeza watu?*

Hutaaibika. Waambie mapema, "Tafadhali, polepole." Mimi nimetembezwa na mzee mmoja aliyerudia kila sentensi mara mbili kwa furaha. Na ukiwa na watoto, kwenye hifadhi za taifa kama zile za Dayton na Chillicothe omba kile kijitabu chao cha shughuli. Wakikijaza wanakula kiapo na kupewa beji. Wao watakutafsiria, na watajifunza mara mbili.

*Mama yangu ana miaka 67. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi kutoka upande wa Fizi, Kongo, sisi watatu tukiwa wadogo. Tulikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tuko Cincinnati. Anataka kuona yale makumbusho ya utumwa pale mtoni. Naogopa yatamwamshia machungu. Nimpeleke?*

Maadam ametaka mwenyewe, mpeleke. Machungu hayajalala hata yaamshwe, anaishi nayo. Ila nendeni asubuhi, siku isiyo na msongamano, na tramu ya mjini haitozi nauli.

Makumbusho hayo, Freedom Center, yalifunguliwa Agosti 2004 kwenye ukingo wa Mto Ohio. Kitakachomshika ni banda la magogo lililo ndani. Lilikuwa Kentucky, kwenye shamba la mfanyabiashara wa watumwa, miaka ya 1830. Watu walifungiwa humo siku kadhaa, au miezi, wakisubiri kupelekwa kuuzwa kusini, Natchez. Baadaye ghala la tumbaku lilijengwa kulizunguka, likafichika mle ndani miaka na miaka. Mnaruhusiwa kuingia. Tazameni boriti ya juu: kuna pete ya chuma ambayo mnyororo wa wanaume ulipitishwa. Wanawake walikaa chini, penye meko. Magogo bado yana alama za shoka. Nilipoyagusa, mama mmoja mgeni kwangu alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, na hakuna aliyemsemesha. Mama yako akitaka kukaa humo, kaa naye. Akitaka kutoka, tokeni, mlango uko karibu.

Halafu, siku nyingine kabisa, mpeleke Ripley. Ni kilomita 80 kufuata mto kwenda juu, na naamini hapo ndipo atakapoona habari yake. Mto huu ulikuwa mpaka. Kusini, Kentucky, palikuwa na utumwa; kaskazini, Ohio, haukuruhusiwa. Lakini kuvuka hakukutosha. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu mtoro akamatwe hata akiwa Ohio, na aliyemsaidia alitozwa hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Ilibidi asafirishwe usiku kwa usiku, nyumba hadi nyumba, mpaka Kanada.

Ufukweni mtaona nyumba ya John Parker. Aliuzwa akiwa na miaka 8, akajinunua mwaka 1845 kwa dola 1,800, akawa fundi wa kusubu chuma hapo Ripley. Usiku alipiga kasia kwenda ng'ambo kuwatoa watu. Alikuwa na daftari la aliowavusha. Sheria ile ilipotoka alilitupa ndani ya tanuru lake mwenyewe, lisije likamponza mtu.

Juu ya kilima iko nyumba ndogo ya matofali ya Mchungaji John Rankin. Yeye, mkewe Jean na watoto wao 13 waliwapokea watoro wanaokadiriwa kufika 2,000, na inasimuliwa kwamba taa iliwekwa dirishani ionekane kutoka Kentucky. Majira ya baridi ya 1838 mwanamke alivuka mto juu ya barafu iliyokuwa ikipasuka, mtoto mchanga mikononi, akapanda kilima hiki. Jikoni alipewa nguo kavu na chakula, na usiku uleule watoto wa kiume wa Rankin wakamsindikiza kwenda kituo kinachofuata.

Ngazi ni 100, lakini gari linafika mpaka juu kwa upande wa nyuma, mama asihangaike na magoti. Chukua thermosi ya chai na khanga ya kujifunika, upepo wa pale ni mkali. Mketishe mbele ya nyumba, penye mandhari ya mto wote na vilima vya Kentucky. Akianza kusimulia, usimkatize, hata kama hadithi unaijua.