Mafumbo ya stesheni yasikilizwe kwa silabi

Ndugu Mhariri,

Katika swali lenu la wiki mmetuuliza iwapo fumbo la jina la stesheni hufumbuliwa kwa kuijua njia ya reli au kwa kuijua lugha, na mkatupa mfano huu: "Shujaa alilikuta joka, ondoa herufi ya kwanza ya alichokifanya, kisha shuka ubadilishe treni kwenda Mpanda." Mimi ni mkazi wa Tabora, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitunga na kufumbua mafumbo ya namna hii pamoja na jamaa zangu, kwa hiyo naomba nafasi ya kujibu kwa kirefu. Kwa maoni yangu lugha ndiyo inayofumbua, na njia ya reli huja baadaye kutoa ushahidi.

Nianze na mfano wenu. Mtu anayeijua njia peke yake ataruka hadi maneno ya mwisho, atakumbuka kwamba tawi la Mpanda linaanzia Kaliua, na atalipata jibu bila kuligusa fumbo lenyewe. Anayeisikiliza lugha atasimama kwenye neno "alilikuta", kwa sababu kiambishi "li" kile cha pili kinamwelekeza kwenye ngeli ya joka na kumzuia asije akafikiria nyoka wa kawaida. Shujaa wa hadithi akilikuta joka hufanya nini? Akaliua. Ondoa ile "a" ya mbele na stesheni imesimama mbele yako. Mtungaji angeandika "alimkuta nyoka", jibu lingekuwa "akamuua", na hakuna treni inayosimama Kamuua. Fumbo hilo ni zuri kwa sababu sarufi yenyewe ndiyo iliyobeba ufunguo, na namshukuru aliyelitunga.

Mwaka jana nilikuwa kwenye benchi la stesheni ya Tabora pamoja na mpwa wangu, tukingoja treni ya Kigoma, nikampa fumbo hili: "Shimo kwa kinyume hupaa angani." Alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kupiga begi lake kwa kidole, pigo moja kwa kila silabi: shi, mo, mo, shi. "Mjomba, ni Moshi!" Kabla treni haijaingia alikuwa amekwisha kufumbua mengine mawili, yaani "Ngata kwa kinyume husukumwa na upepo", ambalo jibu lake ni Tanga, na "Hiba kwa kinyume, penye mashamba ya mpunga", ambalo jibu lake ni Bahi. Mtoto yule hakuwahi kufika Tanga wala Bahi. Alichokuwa nacho ni sikio lililozoea mchezo wa kinyume, ule wa kugeuza silabi ambao watoto wa Waswahili wameucheza tangu zamani ili wakubwa wasiwaelewe.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ya kazi hii. Wanaotunga mafumbo kwa Kiingereza huweza kugeuza neno herufi moja moja, lakini Kiswahili ukikigeuza hivyo kinavunjika, kwani "moshi" ikisomwa nyuma herufi kwa herufi haizai neno lolote. Neno letu limejengwa kwa silabi, nayo silabi ndiyo mahali pa kukatia. Chukueni "Saa pungufu mbele ya kifaa cha seremala". Saa ina silabi mbili, sa na a. Punguza moja, ifuatishe randa, umefika Saranda. Chukueni pia "Embe na nusu ya mama", ambapo embe ni dodo na nusu ya mama ni ma, nasi tumefika Dodoma. "Uso wa jinsi ya kike" ni Usoke, na katika hilo hakuna hata kisu kinachohitajika, ni kuunganisha tu. Mji wangu nao hupatikana kwa "Taa bora iliyofifia kidogo, hapo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma", na neno "iliyofifia" lina kazi yake, maana bila hilo hakuna ruhusa ya kuipunguza taa ikawa ta.

Nasisitiza ruhusa kwa sababu jambo hili liliwahi kuniumiza. Katika shindano moja la chemsha bongo nilipewa fumbo lisemalo "Bahari iliyokatwa kiuno". Nililigeuza kichwani kwa muda mrefu. Bahari ni ba, ha, ri, na kiuno chake ni ha. Ukikikata unabaki na "bari", na stesheni ya jina hilo sikuijua. Niliacha nafasi wazi, na baadaye tukaambiwa kwamba jibu ni Bahi, kwa kuwa mtungaji alikuwa ameondoa "a" ya silabi moja na "r" ya silabi nyingine. Nililalamika, nikaambiwa kwamba wengine walipata. Nina hakika walipata kwa kuijua njia, walipoona ba mwanzoni na i mwishoni wakakisia. Mpaka leo nashikilia kwamba fumbo lile halikuwa la haki, kwa kuwa lilimwadhibu msomaji aliyelifuata neno kwa neno.

Yapo pia mafumbo yasiyokata kitu, ambayo hutegemea neno moja lenye maana mbili, na hayo nayapenda kuliko yote. "Mkulima na abiria, jina lao moja" ni Mpanda, kwa kuwa mmoja hupanda mahindi na mwingine hupanda treni. "Mwana wa Ibrahimu apokeaye mizigo ya Rwanda" ni Isaka, penye bandari kavu. "Hapa treni husimama bila kuyumba" ni Kidete, na fumbo hilo lina uchungu wake kwa yeyote anayejua jinsi mafuriko yanavyoisumbua reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Lazima niseme kwamba kufumbua si kueleza asili ya jina. "Ngoma ndogo mwisho wa reli" ni fumbo halali la Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, lakini halithibitishi kwamba mji ule uliitwa hivyo kwa sababu ya ngoma. Majina kama Igalula na Goweko hayakuzaliwa katika Kiswahili, na anayeyalazimisha yatoe maana ya Kiswahili huyaharibu. Yaachwe yapumzike, au atafutwe mtungaji anayezijua lugha za wenyeji.

Fumbo moja limenishinda. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo abiria wa njia ile humaliza safari kwenye stesheni ambayo jina lake limekaribia kabisa kuwa "mwanzo". Nimeandika katika daftari langu: "Mwisho wa njia, kama si silabi ya mwisho ungekuwa mwanzo." Linapendeza sikioni, lakini linaagiza silabi ibadilishwe bila kusema iwekwe ipi, na kwa kanuni yangu mwenyewe siwezi kulipitisha. Iwapo kuna msomaji wa Mwanza aliyelipatia kauli iliyo kamili, naomba mumpe nafasi katika toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Tabora