Kromosomu na DNA ni hesabu mbili tofauti

Nilipoanza kusoma biolojia ya seli, kuna swali lililonisumbua muda mrefu: DNA ikishajinakili, je, kromosomu nazo zimeongezeka? Nilikuwa najibu ndiyo, na kila mara nakosa. Wewe unayeanza sasa, limalize hilo kwanza, kabla hujakariri jina la hatua hata moja.

Idadi ya kromosomu ipate kwa kuhesabu sentromia, yaani pale nyuzi mbili za kromosomu iliyonakiliwa, ziitwazo kromatidi, zinaposhikana. Kiasi cha DNA kipate kwa kuhesabu kromatidi, maana kila kromatidi ni molekuli moja ndefu ya DNA. Hesabu hizi hazipandi kwa wakati mmoja.

Chukua seli ya mwili wa binadamu. Katika G1, yaani kipindi cha kabla ya kunakili DNA, ina kromosomu 46, na kiasi chake cha DNA tunakiandika 2C (C moja ni DNA ya seti moja ya kromosomu 23 ambazo hazijanakiliwa). Awamu ya S, ile ya kunakili DNA, ikiisha, DNA ni 4C na kromatidi ni 92, lakini sentromia bado 46, kwa hiyo kromosomu ni 46 vilevile. Hali haibadiliki mpaka metafezi, hatua ambayo kromosomu hujipanga katikati ya seli. Katika anafezi, hatua inayofuata, kromatidi dada zinaachana, kila moja inahesabiwa kromosomu kamili, na kwa muda mfupi seli moja ina kromosomu 92. DNA yenyewe haijaongezeka hata chembe. Seli ikishagawanyika, kila seli binti inabaki na 46 na 2C.

Kwenye grafu ya kiasi cha DNA kadiri muda unavyokwenda, mstari wa S hupanda kwa mshazari, kwa sababu kunakili DNA huchukua saa kadhaa. Grafu huporomoka wima pale tu seli inapogawanyika. Ukiuchora mstari wa S wima, umeifanya kazi ya saa nyingi ionekane ya dakika moja.

Meiosisi, yaani migawanyiko miwili inayozalisha seli za uzazi, inataka subira zaidi. Mgawanyiko wa kwanza hutenganisha kromosomu za jozi, ile iliyotoka kwa baba na mwenzake kutoka kwa mama, bila kuachanisha kromatidi. Kila seli inatoka na kromosomu 23 zenye kromatidi mbili mbili, yaani 2C. Hapo ndipo nilipopoteza alama kwenye mtihani: niliona 2C, nikaandika kwamba seli imerudi kama ilivyokuwa G1. Kiasi ni kilekile kweli, ila seli ya G1 ina jozi 23 na hii haina jozi hata moja. Ni tofauti kubwa mno, na tarakimu ya C peke yake haikuonyeshi.

Kisha mgawanyiko wa pili unafuata bila awamu ya S katikati. Kromatidi zinaachana, na mbegu ya kiume inaishia na kromosomu 23 na DNA 1C.

Kilichonisaidia ni kuchora seli ya kubuni yenye kromosomu nne tu, rangi moja kwa za baba na nyingine kwa za mama, na chini ya kila hatua kuandika namba mbili: sentromia ngapi, kromatidi ngapi. Ichore mitosisi yote (ule mgawanyiko wa seli ya mwili), halafu meiosisi yote, bila kufungua kitabu.