Bibi anaamka saa tisa usiku

SWALI: Mama mkwe ana miaka 74, tunaishi naye Tanga. Saa tisa usiku ameshaanza kufagia na kugonga masufuria. Watoto wanaamka, shuleni wanasinzia. Nimpe Piriton, ile dawa ya aleji inayoleta usingizi?

JIBU: Usimpe. Kwa mzee, Piriton huleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa, na ndivyo watu wanavyoanguka njiani kwenda chooni.

Piga hesabu kwanza. Akilala saa mbili baada tu ya isha, saa tisa ametimiza saa saba, na zinamtosha. Hana ugonjwa, amewahi kulala. Mcheleweshe dakika 15 kila baada ya siku tatu, hadi afike saa nne. Jioni kuanzia saa kumi na moja akae barazani kwenye mwanga, achambue mchele hapo. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana.

Kama mkojo ndio unaomwamsha, mtazame miguu jioni. Ikivimba, maji yale hurudi kwenye damu akilala na figo huyatoa usiku. Ainue miguu mchana kwa muda wa saa moja hivi, na mwende hospitali akapimwe. Anayemeza vidonge vya presha vya kuongeza mkojo amuulize daktari kama vinafaa asubuhi.

Habari ya masufuria mwachie mumeo amwambie mamaye. Ikitoka kwako itakuwa kesi. Wewe mwekee chupa ya uji mezani na taa ndogo ukumbini. Ufagio ulale chumbani kwenu.